Dawa Imeachwa, Homa Imerudi: Kisa cha DRESS Kutoka Chamwino

Mgonjwa ni mama wa miaka 31, mkulima wa alizeti na karanga katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, Dodoma. Kisa chake nimekiunganisha kutokana na sura ya DRESS, mzio mzito wa dawa, kama inavyojitokeza wodini, ili asitambulike mtu. Umri, kijiji na tarakimu za vipimo si za mgonjwa mmoja. Ninachotaka kisomwe ni mwenendo wa ugonjwa, hasa yaliyotokea wiki ya nne tangu upele uanze, wakati nyumbani wote walikuwa wameshaamini kwamba amepona.

Kifafa kilimwanza ukubwani. Kliniki ikamwanzishia kabamazepini ya miligramu 200, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Uamuzi huo sina neno nao. Ni dawa nzuri, na kwake ilifanya kazi: wiki tatu zikapita hajaanguka hata mara moja. Siku ya 25 akapata homa, mwili ukalegea, koo likauma, na tezi za shingo zikavimba. Siku mbili baadaye ngozi ikaanza kuwasha, kwanza kifuani, kisha mgongoni na mikononi.

Kwenye zahanati ya karibu kipimo cha malaria kilikuwa hasi, akapewa amoksilini kwa ajili ya koo. Upele ukazidi. Aliporudi, mhudumu akashuku kabamazepini na kuisimamisha, na kwa hilo anastahili pongezi, maana wengi hawaishuku dawa ambayo mtu ameimeza karibu mwezi mzima bila tatizo. Lakini mgonjwa wa kifafa haachwi bila kinga, hivyo akampa iliyokuwepo kabatini: fenobabitoni. Baada ya siku tatu uso ulikuwa umevimba kiasi kwamba macho hayafunguki vizuri. Wakakodi gari wakaja naye mjini.

Alipofika ilikuwa siku ya nane tangu upele uanze. Joto lilikuwa nyuzi 39.2. Ngozi nyeusi haionyeshi ule wekundu unaoandikwa vitabuni. Kwake upele ulionekana kama giza la zambarau lililotanda zaidi ya nusu ya mwili, na ulipopitisha kiganja mgongoni ulihisi vijinundu vidogo, vimejaa kila mahali, na ngozi yenye moto. Ndewe za masikio zilikuwa nene na ngumu. Mumewe alinionyesha kitambulisho chake cha NIDA, nikaiweka picha karibu na uso wa mgonjwa. Bila picha ile, mtu asiyemfahamu angeweza kudhani ndivyo alivyoumbwa. Tangu hapo huwa naomba picha ya simu au kitambulisho kwa kila mgonjwa wa mzio wa dawa, kwa sababu uvimbe wa uso ni dalili kubwa ya ugonjwa huu na ni rahisi sana kuupita.

Mdomo, macho na sehemu za siri havikuwa na vidonda, wala ngozi haikuwa inabanduka. Kwa hiyo sindromu ya Stevens-Johnson tuliiweka kando. Tezi zilishikika shingoni, kwapani na kwenye kinena. Picha ya damu ilionyesha eosinofili, chembe nyeupe za damu zinazoongezeka kwenye mzio na minyoo, 2,900 kwa mikrolita, pamoja na limfosaiti, chembe nyeupe nyingine, zenye umbo lisilo la kawaida. Kimeng'enya cha ini ALT kilikuwa 486, wakati kwa kawaida hakizidi 40 hivi. Figo zilikuwa salama. VVU hasi, homa ya ini B na C hasi, damu iliyooteshwa haikuotesha kitu.

Eosinofili nyingi katika mkoa wetu husingiziwa minyoo, na mara nyingi kweli ni minyoo au kichocho. Lakini minyoo kwa kawaida haivimbishi uso, haiamshi tezi sehemu tatu kwa pamoja, wala hailiangushi ini ndani ya wiki moja. Alama za RegiSCAR, mizani ya Ulaya ya kupima uhakika wa ugonjwa huu, zilipita 6, kiwango ambacho mizani hiyo inakiita uhakika kamili. Ugonjwa ni DRESS: mzio mzito wa dawa unaokuja na homa, upele, eosinofili nyingi na madhara kwenye viungo vya ndani. Jina hilo lilipendekezwa Ufaransa mwaka 1996 na Bocquet, Bagot na Roujeau. Huua mgonjwa mmoja hivi katika kila kumi, mara nyingi kwa kupitia ini.

Siku ile ya 25 inastahili kuelezwa. Mzio ambao watu wengi wanaujua ni wa papo kwa hapo: sindano inachomwa, midomo inavimba, pumzi inabana. DRESS hufuata njia nyingine kabisa. Huanza kati ya wiki ya pili na ya nane tangu dawa ianze, kwa kuwa seli T, askari wa kinga ya mwili, zinahitaji muda kuitambua dawa, kuzaliana na kusambaa. Ndiyo maana swali la "umekula dawa gani jana?" halitoshi. Swali linalofaa ni "ni dawa gani mpya imeingia mwilini mwako miezi miwili iliyopita?" Wanaoongoza kwenye orodha ni dawa za kifafa, alopurinoli ya jongo, kotrimoksazoli na dawa nyingine za salfa, dapsoni, na baadhi ya dawa za kifua kikuu.

Fenobabitoni tuliisimamisha siku hiyohiyo. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zina umbo la kemikali linalofanana, la pete, na ini huzivunja kwa njia inayofanana. Aliyepata mzio wa moja yuko hatarini kwa zote tatu, na lamotrijini pia haifai kumjaribia. Valproati haina pete hiyo, lakini ini lake lilikuwa tayari limeumia, na tena ni mama aliye katika umri wa kuzaa. Dawa hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni. Tukamkinga kwa diazepamu huku familia ikitafuta levetirasetamu, ikapatikana kwenye duka la dawa mjini. Picha ya kifua ilipigwa kutafuta kifua kikuu, akameza ivermektini kwa sababu kuna mnyoo mmoja wa utumbo ambao steroidi, dawa za kutuliza kinga, humwachia asambae mwili mzima, ndipo tukaanza steroidi iitwayo prednisoloni, miligramu 50 kwa siku, sawa na miligramu moja kwa kila kilo ya uzito wake. Amoksilini haikuendelea. Na kwenye friji ya maabara tuliweka mrija mmoja wa damu yake ya siku ile ya kwanza, jambo lililokuja kuwa na faida kubwa.

Homa ilishuka ndani ya siku tatu. Uso ukarudi kwenye sura ya kitambulisho. Alikaa wodini siku kumi na mbili, akaruhusiwa ALT ikiwa 118 na eosinofili 600, na ratiba ya kupunguza prednisoloni kidogo kidogo.

Siku ya 24 tangu upele uanze, akiwa amefika miligramu 30 na akizimeza kama alivyoelekezwa, alirudishwa. Homa 38.9, upele tena, tezi tena, na koo likimuuma safari hii kuliko mwanzo. ALT ilikuwa 540, juu kuliko siku ya kwanza. Mama yake mzazi ndiye aliyemleta. Tulipomaliza shikamoo na marahaba aliniuliza swali ambalo ndilo kiini cha kisa hiki: "Mwanangu daktari, hiyo dawa tuliitupa chooni tangu siku ile. Mbona ugonjwa umetufuata nyumbani?"

Nilimwambia hivi. Mama, ukichoma shamba kulisafisha, moto wa nyasi unazimika siku hiyohiyo, ila kisiki kinaweza kufukuta chini kwa chini hadi upepo ukivuma kikawaka upya. Dawa ndiyo iliyowasha. Mwilini mwa mwanao kulikuwa na visiki tangu utotoni.

Kisiki kikubwa ni kirusi kinachoitwa HHV-6, cha sita katika ukoo wa virusi vya herpesi vya binadamu. Kilitambuliwa Marekani mwaka 1986. Mwaka 1988 Koichi Yamanishi na wenzake nchini Japani wakaonyesha kwamba ndicho kinacholeta ile homa ya watoto wadogo inayopanda siku tatu hivi, kisha inaposhuka tu vipele vya waridi vinatokea mwilini, na mtoto anaendelea kucheza. Karibu kila mtoto duniani hukipata kabla ya kutimiza miaka mitatu. Akishapona, kirusi hakitoki. Hubaki kimelala ndani ya baadhi ya chembe nyeupe za damu maisha yote, na kwa walio wengi hakiamki tena kwa namna ya kusumbua.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ufaransa na Japani walianza kuona jambo lilelile bila kutegemeana: wagonjwa wa mzio wa aina hii, wakipimwa wiki ya pili hadi ya nne, wana HHV-6 kwenye damu. Mapema zaidi hakionekani. Baadaye ikadhihirika kwamba hakiko peke yake. Virusi vingine vya ukoo huohuo wa herpesi navyo huamka: HHV-6 na EBV hutangulia, HHV-7 hufuata, na saitomegalovirusi, yaani CMV, huja mwishoni. Mpangilio huo unafanana kiasi na unaoonekana kwa watu waliopandikizwa uboho, ambao kinga yao imevunjwa na kujengwa upya. Wajapani walilichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa hata kuamka kwa HHV-6 kukawa moja ya vigezo vyao saba vya utambuzi. Mizani ya Ulaya haina kigezo hicho. Kwa hospitali zetu naona tupime kwa mizani ya Ulaya, kwani majibu ya virusi huchelewa, lakini tufikiri kama Wajapani pale mgonjwa anapotoka wodini.

Kwa nini viamke? Kuna mambo matatu yenye ushahidi mzuri. La kwanza, mwanzoni mwa DRESS kingamwili za damu hushuka, na seli T zenye kazi ya kutuliza kinga huongezeka kupita kawaida. Ulinzi dhidi ya virusi unalegea. La pili, seli T za aina ya CD4 zilizoamshwa na mzio huota kwa wingi kipokezi kiitwacho CD134, na kipokezi hichohicho ndio mlango ambao HHV-6 ya aina B hutumia kuingia ndani ya seli. Mzio wenyewe unakiongezea kirusi milango. La tatu, baadhi ya dawa huonekana kukichochea kirusi moja kwa moja. Kwenye maabara nchini Ufaransa, valproati na amoksilini zimeongeza kuzaliana kwa HHV-6 ndani ya seli. Hilo la amoksilini linanigusa sana. Mgonjwa anakuja na homa, tezi na koo, tunamwongezea amoksilini, na upele unafumuka. Kila aliyewahi kumpa ampisilini kijana mwenye maambukizi mapya ya EBV ameona kitu cha jamii hiyo: upele mwilini mzima, kwa mtu ambaye mwaka unaofuata anaweza kuimeza dawa ileile asipate chochote. Kirusi kilichoamka hubadilisha namna mwili unavyoipokea dawa.

Mwaka 2010 kundi la Picard nchini Ufaransa lilipiga hatua zaidi. Kwa wagonjwa wa DRESS waliopata mzio wa kabamazepini, alopurinoli au salfa, seli T za CD8 zilizokuwa zimejaa kwenye damu, ngozi, ini na mapafu zilichunguzwa zinalenga nini. Sehemu kubwa zilikuwa zinalenga virusi, hasa EBV. Maana yake ni nzito: ini la mgonjwa linaweza kuwa linaumizwa na askari waliotoka kupigana na kirusi, siyo na dawa peke yake.

Wapo wanaosema virusi ni abiria tu, na hoja zao si za kupuuzwa. Upele hutangulia, kirusi hufuata. Si kila mgonjwa hukutwa nacho. Steroidi tunazotoa nazo hulegeza kinga. Aidha, kuna jeni zinazobeba sehemu kubwa ya hatari kabla kirusi hakijatajwa: HLA-B*58:01 kwa alopurinoli, HLA-B*13:01 kwa dapsoni, HLA-A*31:01 kwa kabamazepini. Mimi nakubali kwamba dawa na jeni ndivyo vinavyoanzisha. Lakini virusi huamka hata kwa wagonjwa ambao hawajapewa steroidi kabisa, na wimbi la pili la homa na ini huja katika siku zilezile ambazo kirusi kinaonekana kwenye damu. Nadharia inayomweka dawa kuwa mkosaji pekee haiwezi kueleza kwa nini mgonjwa anazidiwa wiki kadhaa baada ya dawa kusimamishwa.

Turudi wodini, kwa sababu siku ile ya 24 kulikuwa na uamuzi wa kufanya na majibu ya kirusi hayakuwepo. Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kwamba sasa ana mzio wa levetirasetamu, isimamishwe. Si pendekezo la kijinga. Dawa hiyo imewahi kuleta DRESS, na mwili uliotoka kwenye mzio mkubwa huwa mwepesi kukataa dawa nyingine. Ila tukiisimamisha, tunabaki na nini? Valproati kwa ini la 540? Na kila dawa inayosingiziwa huandikwa kwenye kadi, mgonjwa akazunguka nayo maisha yote kama mtu asiyeweza kupewa chochote. Muda wa wimbi hili ulilingana na muda wa virusi. Tukaamua levetirasetamu iendelee, prednisoloni irudi miligramu 50, antibayotiki isitolewe bila chanzo kuonekana, na ini lipimwe kila baada ya siku mbili. Endapo ALT ingeendelea kupanda, levetirasetamu nayo ingesimamishwa.

Ilishuka: 540, 410, 260, kisha chini ya 100 ndani ya wiki mbili, levetirasetamu ikiwa mdomoni kila siku. Kwangu huo ni ushahidi wenye nguvu kuliko karatasi yoyote ya maabara.

Karatasi nayo ilikuja, mgonjwa akiwa ameshapata nafuu. Mirija miwili ilipelekwa pamoja nje ya mkoa, ule wa siku ya nane uliokuwa kwenye friji na ule wa siku ya 24. Wa kwanza haukuwa na DNA ya HHV-6. Wa pili ulikuwa nayo kwa wingi. CMV haikuonekana kwenye wowote. Hapa ndipo mrija wa friji ulipolipa. Mtu mmoja hivi kati ya mia huzaliwa na HHV-6 iliyojichomeka ndani ya kromosomu zake, akairithi kwa mzazi. Akipimwa wakati wowote, hata akiwa mzima kabisa, damu yake itaonyesha DNA nyingi ya kirusi. Mrija mmoja wa siku ya 24 usingetuambia kama kirusi kimeamka au kilizaliwa naye. Miwili ilitujibu. Nawaomba wenzangu wa hospitali za wilaya: mkishuku DRESS, wekeni mililita chache za damu ya siku ya kwanza kwenye ubaridi, hata kama hamjui mtaipeleka wapi. Damu ya siku ya kwanza hairudi.

Dawa ya kuua kirusi hatukumpa. Hakuna ushahidi wa kutosha wa kumpa kila mgonjwa wa DRESS dawa ya kuzuia HHV-6, na gansiklova hushusha chembe za damu na kuumiza figo. Hesabu inabadilika kwa CMV. Hiyo huja baadaye, mara nyingi mwezi wa pili, mgonjwa akiwa nyumbani na steroidi mkononi, na inaua: hutoboa na kutoa damu kwenye utumbo, huvamia mapafu, hufika kwenye moyo. Mama yake alielezwa kwa lugha ya moja kwa moja: choo cheusi, tumbo kuuma sana, pumzi kubana, moyo kwenda mbio, homa mpya, usisubiri siku ya kliniki, mlete usiku huohuo. Akavirudia vyote kwa Kigogo kwa mkwe wake aliyekuwa amesimama mlangoni, akihesabu kwa vidole, na nilipomwomba avirudie kwangu hakusahau hata kimoja.

Prednisoloni ilipunguzwa kwa zaidi ya miezi mitatu. Fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ya kuripoti madhara ya dawa ilijazwa, ikitaja kabamazepini kuwa mshukiwa mkuu na fenobabitoni kuwa mshukiwa wa pili. Levetirasetamu haikuandikwa. Kwenye kadi yake ya kliniki majina matatu yaliandikwa kwa herufi kubwa: kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni. Mwezi wa nne na wa saba tulipima tezi ya thairoidi iliyo shingoni na sukari, kwa kuwa DRESS inaweza kuacha nyuma magonjwa ya kinga kujishambulia, hasa ya tezi hiyo, na mara chache kisukari cha ghafla. Vyote vilikuwa sawa.

Siku ya kipimo cha mwisho, mama yake alikuja na swali lingine. Binti yake mdogo, ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, ana mtoto wa miaka mitano anayemeza fenobabitoni kwa kifafa. Je, waiache? Nikamuuliza ameanza lini. Miaka miwili sasa, akasema, na hajawahi kuota upele. Basi aendelee nayo, nikamwambia, kwa sababu hatari ya mzio huu iko kwenye miezi miwili ya mwanzo, na kuikatiza fenobabitoni ghafla kunaweza kumletea degedege lisilokatika. Ila yeyote katika wale ndugu wa tumbo moja akija kuandikiwa moja ya dawa zile tatu kwa mara ya kwanza, aitaje kadi ya dada yake kabla hajapokea kidonge.